Sindano Kavu

Nshamba, 9 Juni 2024

Annastella,

Niko hai. Gari lilipasuka tairi Muhutwe, tukakaa saa mbili, lakini nimefika.

Simu sipigi tena. Nikiongea watu wananisikia kama mtu aliyelala kilabuni. Wewe mwenyewe Pasaka ulinikatia. Ulisema, "Tata, nipigie pombe ikikutoka." Sijaonja lubisi tangu tumzike mama yako, mwaka wa nne huu. Baadaye ulikuja ukanichukua ukanipeleka hospitali, yameisha. Ila kuanzia sasa naandika. Niliishia darasa la nne, utanisoma hivyo hivyo.

Sasa nikwambie za mle ndani, maana wewe ulibaki kwenye benchi na mimi nilitoka ulimi umechoka.

Yule dada wa mashine anaitwa Nuriat. Alinibandika vibandiko mkononi, akawasha umeme. Kidole kikaruka chenyewe. Sijakiamuru mimi. Nilishtuka nikataka kushuka kitandani. Akasema, "Mzee tulia, huo ni mdogo." Mdogo! Alipofika mguuni, mguu uliruka kama wa mbuzi anayechinjwa.

Halafu akaja daktari na sindano. Nyembamba, ina waya. Akachoma mkono wa kushoto huu unaolegea. Akachoma wa kulia. Paja. Mgongo. Mwisho ulimi. Ulimi, Annastella. Walinishika ulimi kwa kitambaa kama wanashika kambale.

Nikaangalia ile sindano. Haina bomba. Haina maji ndani. Kavu. Ndipo nikaelewa, dawa yake ni umeme wenyewe. Mimi nimelala sijakaza kitu, mashine inalia ta-ta-ta kama buni zinamwagwa kwenye bati. Nikauliza mbona inapiga kelele na mimi nimetulia. Daktari akamwangalia yule dada, akaandika. Nikajua dawa inaingia.

Walisema nisubiri nje waongee na sisi. Nikaona nimeshachomwa, nasubiri nini, na gari la huku lilikuwa linaondoka. Wewe ulibaki. Walisema nini? Nikae siku ngapi bila kubeba magunia ili dawa isiharibike?

Nauliza kwa sababu jana kaka yangu Rugemalira alikuja na maneno yale yale. Eti sina mtoto wa kiume, kibanja, shamba na migomba yake, kiende kwa mwanawe Joackim. Mimi nimeamua. Kibanja ni chako. Mama yako amelala humo, na wewe ndiye mtoto wake. Lakini unajua kwetu. Lazima niseme kwa mdomo wangu mbele ya mzee Kashaija na wazee wa ukoo, nikiwa mkavu. Mlevi akiusia, hakuna wosia. Kwa ulimi huu watasema nimelewa. Nimewaambia wangoje nipone. Kahawa ikiisha kuvunwa nitakuwa naongea kama paroko.

Baba yako,
Ildefons


Kibeta, Bukoba, 14 Juni 2024

Tata,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa Burhani wa basi, na maparachichi. Mawili yalipondeka, nimekula hivyo hivyo.

Daktari alisema upumzike. Magunia usibebe kabisa, hata nusu gunia. Chakula tafuna polepole, usiongee ukiwa nacho mdomoni. Maji unywe umekaa wima, kidevu umekiinamisha. Hilo alilisisitiza sana.

Kuhusu sindano, zinafanya kazi polepole. Kila mtu na mwili wake.

Habari ya kibanja nimeisoma mara tatu. Nilijua kitaenda kwa Joackim na nilishanyamaza moyoni. Sijui nikushukuru vipi. Lakini tata, kama umeamua, mbona usiwaite wazee sasa hivi? Mimi siku ile hospitali nilikuwa nakuelewa vizuri tu. Mzee Kashaija hana haraka, atakusikiliza neno kwa neno. Usingoje kahawa, waitu.

Cherehani yangu imerudi kutoka kwa fundi. Nashona sare za shule, kazi ipo.

Mwanao,
Annastella


Nshamba, 30 Juni 2024

Annastella,

Maji nainamisha kidevu. Twaibu, yule tunayebeba naye magunia, amenicheka mpaka akakaa chini. Anasema kuku akinywa anainua kichwa, wewe unainamisha, wewe ni mnyama gani?

Dawa inafanya kazi. Nyama za bega zinacheza zenyewe. Nimekaa tu, zinacheza, kama kuna panya chini ya ngozi. Za paja pia. Huo ni ule umeme, bado umo. Nilimwambia Twaibu aweke kidole. Aliweka, akaruka. Sasa na yeye anataka. "Mwambie binti yako anitafutie hata kamoja, ka goti."

Ila ulimi bado. Na mkono wa kushoto haushiki. Nadhani dawa inaanza kwa kubomoa.

Bosi amenitoa kazini. Niliangusha gunia, buni zikamwagika barabarani, akasema nimeanza na lubisi tangu asubuhi. Nikamwambia sinywi. Kadiri nilivyosema sinywi ndivyo nilivyosikika mlevi. Vibarua wote wakacheka. Twaibu peke yake hakucheka, na yeye ndiye mcheshi.

Rugemalira anasema wazee wako tayari Jumamosi. Nimekataa. Umesema polepole, basi nangoja.

Ildefons


Kibeta, 2 Julai 2024

Tata,

Waite Jumamosi hiyo hiyo. Nakuomba kwa jina la mama. Usingoje ulimi. Kama ni lazima nitapanda gari nije nisimame karibu yako, wasipoelewa neno mimi niwaambie umesema nini.

Usiniulize kwa nini. Waite tu.

Annastella


Nshamba, 4 Julai 2024

Annastella,

Nitakuuliza kwa nini.

Mrithi hasemi kwa niaba ya anayeusia. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Ukisimama pembeni yangu ukisema "tata amesema kibanja changu", Rugemalira atacheka wiki nzima.

Barua yako nilikuwa nayo mkononi alipokuja. Aliiona. Akasema, "Binti anakuharakisha? Ndivyo walivyo wa mjini. Wanataka shamba kabla mtu hajafa." Usiku sikulala. Mwezi uliopita hukujua kama nakupa. Leo unataka Jumamosi hii hii. Kuna mnunuzi?

Mimi sijafa. Ninatibiwa. Nikipona nitasema, na nitasema nitakalo.

Ildefons


Nshamba, 21 Julai 2024

Kwa dada wa mashine, Nuriat, hospitali, Bukoba

Mimi ndiye yule wa Nshamba niliyetaka kushuka kitandani.

Naomba nichomwe tena. Ulimi mlichoma mara moja tu. Hautoshi. Nimengoja wiki sita. Bega linacheza vizuri, lakini ulimi unazidi kuwa mzito, na jana nilipaliwa na uji. Sindano ya kwanza labda ilikuwa ndogo. Ile kelele ya mashine mwisho ilipungua, nadhani mliitoa mapema. Safari hii iacheni mpaka iingie yote. Nitavumilia.

Nina jambo la kusema mbele ya ukoo wangu na linataka ulimi. Kwa hiyo kama mna nafasi moja tu, acheni mkono, chomeni ulimi.

Binti yangu simwambii. Tumekosana kidogo.

Ildefons

Rafiki yangu Twaibu ana goti. Naye aje?


Bukoba, 29 Julai 2024

Mzee Ildefons,

Shikamoo. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikakaa.

Mzee wangu, hatukukuchoma dawa. Naomba uisome sentensi hiyo tena ukiwa umekaa. Ile haikuwa tiba, ilikuwa kipimo. Umeme wa kwanza ulikuwa wa kuangalia kama mishipa ya fahamu inafikisha amri mkononi na mguuni. Ile sindano ilikuwa ya kusikiliza nyama. Ni kama mtu anayeweka sikio mlangoni asikie kuna nini ndani. Aliyeweka sikio mlangoni hajatengeneza kitu humo ndani. Ndiyo maana sindano haikuwa na maji.

Kelele uliyoisikia haikuwa dawa ikiingia. Nyama nzima ikipumzika hunyamaza. Zako zilikuwa hazinyamazi. Na huko kucheza kwa bega siyo umeme wetu. Umeme wetu haubaki mwilini hata dakika moja.

Kosa ni langu pia. Nilikwambia "tulia" mara kumi, sikukwambia hata mara moja tunafanya nini. Nilidhani unajua.

Majibu yapo. Daktari alimpa aliyekuleta, siku ile ile, kwa sababu wewe ulishaondoka. Alimwomba akurudishe ili akueleze mwenyewe. Tumekungoja, hukuja. Mimi sina ruhusa ya kuyaandika kwenye barua. Muulize binti yako, au njoo. Njoo hata peke yako.

Mwambie Bwana Twaibu goti lake aende nalo zahanati.

Nuriat


Nshamba, 3 Agosti 2024

Annastella,

Yule dada wa mashine ameniandikia.

Hawakunichoma dawa.

Nimekaa kwenye gogo tangu asubuhi. Twaibu amenisomea barua mara ya pili nikidhani nimekosea kusoma. Sikukosea.

Majibu unayo tangu mwanzo wa Juni. Ulikula maparachichi yangu ukiwa nayo. Uliandika "zinafanya kazi polepole". Mimi nimetembea kijiji kizima nikiwashikisha watu bega langu. Wekeni kidole, dawa hiyo. Wakaweka. Watoto wakaweka.

Nitumie hiyo karatasi. Yote.

Ildefons


Kibeta, 6 Agosti 2024

Tata,

Karatasi iko ndani ya bahasha hii. Ni ya kwanza, yenyewe, siyo nakala.

Nitakuandikia alivyoniambia daktari. Kuna mishipa ya kuhisi na kuna mishipa inayoamuru nyama zifanye kazi. Ya kwako ya kuhisi ni mizima, ndiyo maana sindano ilikuuma. Inayoamuru ndiyo inakufa. Mkononi inakufa, mgongoni, pajani ambako hata hujaanza kuhisi udhaifu, na kwenye ulimi. Nyama ikikosa wa kuiamuru inacheza ovyo, halafu inakonda. Walikupima ili wajue kama ni ugonjwa mwingine wa mishipa unaotibika. Na damu walichukua kwa ajili hiyo, na ile picha ya shingo. Waliutafuta huo mwingine kote, hawakuuona. Huu hauna dawa ya kuuondoa. Alisema na mengine.

Walipotuita nilidhani umeenda chooni, nikaingia peke yangu; nilipotoka nje bado hukuwepo kwenye benchi. Nilishtuka nikadhani umesikia ukakimbia. Baadaye barua yako ikaja, umeandika dawa inaingia, umeandika utaongea kama paroko. Nilishika kalamu nikashindwa. Niliandika mstari mmoja wa uongo. Nilisema nitaufuta barua inayofuata. Kila barua ikawa ngumu kuliko ya kabla yake.

Nilikuharakisha wazee kwa sababu nilijua ulimi hautarudi. Hakuna mnunuzi. Tata, neno hilo liliniuma. Lakini nilistahili, kwa sababu ningesema ukweli usingeliandika.

Leo asubuhi nimerudi kwa daktari, nimemweleza habari ya wosia na pombe. Karatasi ni ya Kiingereza, kwa hiyo ameandika nyuma kwa Kiswahili, akagonga mhuri. Waite. Mimi siji, mrithi asionekane akisukuma. Ukiniambia nisije kabisa tena, nitaelewa.

Annastella


Nshamba, 18 Agosti 2024

Annastella,

Karatasi ilifika Jumatano. Jana wamekaa.

Wazee walikuwa watano pamoja na Rugemalira. Twaibu nilimwita ashike kalamu kwa sababu si wa ukoo. Tukawapa kahawa ya kutafuna, wakatafuna. Nikasimama.

Maneno niliyafanyia mazoezi wiki nzima migombani. Mimi Ildefons, nikiwa mkavu, kibanja changu nampa. Sikufika hata hapo "nampa". Walikuwa wananikunjia uso. Rugemalira akapiga goti lake. "Sikusema? Mtu amelewa kwenye wosia wake mwenyewe!"

Kashaija akanyanyuka na fimbo yake. Akaniambia fungua mdomo. Nikafungua. Akaninusa. Mzee wa miaka themanini na kitu ananinusa mdomo mbele za watu kama ananunua samaki. Akageuka akasema, "Hamna kitu. Ananuka dawa ya meno." Wakacheka. Na mimi nikacheka, mate yakanitoka mpaka kifuani. Hawakucheka tena.

Twaibu akasoma nyuma ya karatasi. "Ulimi wake ni mzito kwa sababu ya ugonjwa wa mishipa. Si pombe. Nimempima, akili yake ni timamu." Mhuri wakaupitisha mkono kwa mkono. Mmoja aliukwangua kwa ukucha aone kama unatoka. Rugemalira akasema karatasi haina mdomo, mtu amtaje mrithi tusikie.

Nikalitaja jina lako. Halikutoka.

Nikarudia. Mara nne nimerudia. Jina nililokupa mimi mwenyewe. Kilichotoka ni sauti ya ndama. Mara ya kwanza Rugemalira alikuwa anatabasamu. Mara ya nne alikuwa anaangalia chini. Akaniuliza pole pole kwa Kihaya, kama tulipokuwa watoto, tangu lini niko hivi. Ningemjibu kwa ulimi upi?

Nikatoka nje. Walidhani nimekasirika. Nilienda kwenye mpaka, kwenye mlamula wa kwanza wa alama, ule wa upande wa barabara, nikaushika shina. Nikaenda mlamula wa pili, nikaushika. Kashaija ndiye aliyeelewa. Nilimsikia anawaita, "Nyie, amkeni, mtu anaonesha mipaka!" Wakanifuata. Milamula kumi na mmoja, nimeishika yote kwa mkono wa kulia, wao nyuma kama maandamano ya Ekaristi. Kwenye wa saba nilijikwaa. Aliyenidaka ni Rugemalira.

Wa mwisho unajua uko wapi. Nikaenda nikaweka mkono juu ya saruji ya mama yako. Nikainua kidole kimoja. Vestina alizaa mmoja tu, hakuna asiyejua hapa.

Kashaija akauliza, "Wa Vestina?" Nikaitikia kwa kichwa.

"Annastella?" Nikaitikia.

Akaniuliza mara tatu. Nimeitikia mara tatu. Akamwambia Twaibu, "Andika, amesema."

Wamesaini wote. Kashaija ameweka dole gumba. Rugemalira alikuwa wa mwisho, alikaa na kalamu muda mrefu mpaka nikadhani ataivunja. Akasaini. Akasema, "Lakini asilete mume wa kuja kukiuza." Hilo nalo nimeliitikia. Kibanja ni chako.

Sasa mimi na wewe.

Ulidhani nimekasirika. Nimekasirika zaidi ya ulivyodhani. Mwezi wa sita nilikuwa naweza kusema Annastella. Nilikuwa nalisema kila siku, nawaambia watu binti yangu Annastella amenitafutia dawa. Ulikuwa na miezi miwili ya ulimi wangu mkononi ukaiweka kwenye droo. Ungeniambia siku ile ningelia, sikatai. Ningelia huku naongea.

Nikupe na langu. Niliandika kuna mnunuzi. Hilo neno nalifuta.

Barua yako nimeirudia mara nyingi. Umeandika mishipa. Umeandika ulimi. Umeandika hauna dawa. Halafu umeandika "Alisema na mengine", ukahamia kwenye habari ya benchi. Karatasi nimemwonesha Twaibu mbele na nyuma, hayo mengine hayamo. Nimeuliza muda uliobaki ni kiasi gani, Twaibu akasema haujaandikwa. Daktari alikwambia wewe. Umeficha tena.

Usiyaandike. Njoo Jumamosi, ukae mbele yangu kwenye gogo, uniambie kwa mdomo. Wewe bado unao.

Baba yako,
Ildefons